Masharti ya tiketi za ndege za bei nafuu yaandikwe Kiswahili, tena kabla mtu hajalipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu hizi tiketi za ndege za bei nafuu, maana watu wa huku Mbeya wanapoteza hela nyingi kwa sababu tu hakuna anayewaambia mapema kwamba ukighairi safari utarudishiwa nini na utakatwa nini. Mimi ni wakala, nina kibanda hapa Mwanjelwa, nafanya miamala ya simu na kukata tiketi za basi na ndege, kwa hiyo hii kitu naiona kila mara, mtu anakuja ameshika simu, ina meseji ya Kiingereza haielewi, anataka nimsaidie hela yake irudi, na nikiisoma naona hela yenyewe ilishaenda tangu siku aliyolipa.

Zamani sisi wengi tulikuwa watu wa basi, unapanda alfajiri, Makambako, Iringa, mnateremka Kitonga, Mikumi, unaingia Dar usiku miguu imevimba, au Tazara kwa mwenye muda wake. Uwanja wa Songwe ulipofunguliwa mwishoni mwa 2012 na fastjet ikaja na ule mtindo wa ukiwahi kukata unapata nauli ya chini, begi unalipia pembeni, ndo watu wa kawaida wakaanza kupanda ndege, walimu, wafanyabiashara wa viazi wa Uyole, mama anayeenda kumwona mjukuu Mbagala. Ile kampuni iliacha kuruka hapa nchini mwishoni mwa 2018 lakini mtindo umebaki, ndani ya ndege moja kuna aliyelipa nauli ya chini kabisa na kuna aliyelipa mara mbili yake kwa siti ile ile, na tofauti yao kubwa iko kwenye masharti ya kughairi na kubadilisha. Mtindo wenyewe ni mzuri, umetusaidia. Ila masharti yake yameandikwa Kiingereza cha mawakili, kurasa na kurasa, alafu kuna kiboksi kidogo unatiki kwamba umekubali.

Ngoja nieleze la mama mmoja wa Tukuyu. Mwanae aliyeko Dar alimkatia tiketi kwa simu, kwenda na kurudi, aje kliniki. Kliniki ikasogezwa wiki moja mbele, mama akaona si shida, tiketi ipo, nitaenda hiyo wiki ijayo. Hakupiga simu popote. Wiki ilipofika akaja kwangu kuuliza ndege inaondoka saa ngapi, karatasi ya tiketi ameifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli ya kwenda Songwe. Nikafungua bukingi. Safari ya kwenda imeandikwa abiria hakutokea, na ya kurudi nayo imefutwa. Akaniambia, "Mwanangu, ya kwenda nimekuelewa, sasa ya kurudi wameifutia nini na siku yake bado haijafika?" Nikamwambia mama shikamoo, ndivyo masharti yalivyo, usipopanda ya kwanza na ya pili inajifuta. Akasema mbona ofisi ya basi ukiwaeleza wanakuhamishia kesho yake. Sikuwa na jibu la kumpa, na mwanae Dar hakuwa anajua hilo sharti japo ndiye aliyetiki kile kiboksi.

Kwa hiyo cha kwanza watu wajue kughairi ni kitu kimoja na kutotokea ni kitu kingine kabisa. Hata kama tiketi yako imeandikwa nauli hairudishwi, ukipiga simu au ukienda ofisini kabla ndege haijaondoka mara nyingi unaweza kuhamishiwa siku nyingine kwa kulipa faini ya kubadilisha pamoja na tofauti ya nauli, yaani kama siku unayoitaka nauli imepanda unaongezea. Ukikaa kimya mpaka ndege ikaruka, kwenye tiketi nyingi za chini umepoteza yote. Alafu usifikiri unaweza kumpa mdogo wako aende badala yako, jina la tiketi halihamishwi kwenda kwa mtu mwingine kwenye mashirika mengi, wanachokubali ni kurekebisha herufi lifanane na kitambulisho cha NIDA.

Cha pili ni hesabu. Tuseme kwa mfano tu umekata tiketi ya laki na themanini, na faini ya kughairi ni laki na nusu. Hapo unasikia tiketi inarudishwa, ukifurahi unakuta unarudishiwa elfu thelathini, na kama ulikata kwa wakala ile ada ya wakala nayo hairudi, nasema wazi na mimi ndivyo ninavyofanya ila namwambia mteja kabla hajanipa hela. Kuna tiketi faini yake inalingana na nauli, hapo ni sawa na kusema hairudi. Lakini kuna kitu wengi hawakiulizi. Ile bei yote uliyolipa sio nauli tupu, ndani kuna kodi ya VAT na ada za uwanja wa ndege ambazo shirika linakusanya kwa niaba ya wengine. Kama hujasafiri hujautumia uwanja, kwa hiyo uliza, andika kabisa, naomba kodi na ada za safari ambayo sikusafiri. Yapo mashirika yanarudisha hiyo sehemu hata kwa tiketi ya chini kabisa, mengine yanakata gharama ya kushughulikia mpaka inabaki kidogo sana, lakini usipoomba hakuna atakayekukumbusha.

Cha tatu ndo kinaniuma zaidi, ni nani ameghairi. Hizo faini zote nilizosema ni za abiria aliyeghairi mwenyewe. Shirika likifuta safari, hata kama tiketi yako ni ile ya hairudishwi, utaratibu unaojulikana kwenye biashara hii ni kwamba uchague, upewe ndege nyingine bila kuongeza hela au urudishiwe hela yako yote uliyolipa. Sisi hapa Songwe tuna ukungu, kila mtu anajua, kuna asubuhi ndege inazunguka huko juu haioni njia ya kutua inarudi Dar. Ukungu sio kosa la shirika na sidai mtu alipwe fidia kwa ajili ya hali ya hewa, rubani akikataa kutua ni kwa usalama wetu. Ila safari ikafutwa na hela ikabaki kwao, hapana. Na hapo watu wengi wanaangukia kwenye mambo mawili. Moja, anapata wasiwasi anaingia kwenye simu anabonyeza ghairi mwenyewe kabla shirika halijatangaza, mfumo unamhesabu yeye ndiye aliyeghairi, faini inamkata. Subiri meseji yao, piga skrinishoti, ndo udai. Pili, anapewa vocha anaambiwa hii ni sawa na hela. Vocha ina tarehe ya kuisha na ina jina lako. Kwa mfanyabiashara anayeenda Kariakoo kila mwezi inafaa, lakini mkulima wa parachichi wa Rungwe aliyepanda ndege kwa sababu ya msiba, ataitumia lini? Kama safari wamefuta wao una haki ya kusema naomba hela.

Na hela ikirudi inarudi kule ilikotoka. Aliyelipa ni mwanao kwa simu yake, inarudi kwake, aliyelipa ni wakala inarudi kwa wakala, kwa hiyo tunza risiti ya wakala wako na umfuatilie, usimwachie.

Wenzetu hili wameliandika kwenye sheria. Marekani ukikata kwa shirika lenyewe tiketi ya safari ambayo bado siku 7 au zaidi, shirika likupe masaa 24 ya kughairi bila kukatwa chochote, au likushikilie bei masaa hayo kabla hujalipa. Na kanuni zao za 2024 zinasema safari ikifutwa, au ikichelewa masaa 3 kwa ndege za ndani ukaamua kutoenda, hela irudishwe yenyewe bila kuhangaika, siku 7 za kazi kwa aliyelipa kwa kadi ya mkopo na siku 20 kwa njia nyingine. Ulaya kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inampa abiria haki ya kurudishiwa nauli ndani ya siku 7 shirika likifuta safari, na vocha mpaka akubali mwenyewe kwa maandishi. Na huko ndiko kuna mashirika ya bei nafuu kuliko ya kwetu, akina Ryanair, na hayajafa kwa sababu ya hizo kanuni.

Mtu akiona amedhulumiwa asiishie kulalamika kwenye stendi. Kwanza aliandikie shirika lenyewe, aweke namba ya bukingi, tarehe, risiti na hizo skrinishoti, akikosa jibu au jibu likiwa halieleweki ndo apeleke TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kuna baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za anga ambalo kazi yake ni kusemea abiria. Tatizo malalamiko ya mdomo hayana nguvu, lazima karatasi.

Ninachoiomba TCAA ni kidogo tu. Wayaambie mashirika yaweke maneno haya kwa Kiswahili juu ya kitufe cha kulipia na kwenye meseji ya tiketi: "Ukighairi tiketi hii utarudishiwa shilingi kadhaa. Ukibadili tarehe utalipa shilingi kadhaa na tofauti ya nauli. Usipotokea, safari ya kurudi itafutwa. Sisi tukifuta safari utarudishiwa hela yote." Namba ziwe za shilingi, sio asilimia wala dola. Mimi hapa kibandani nimeyaandika kwenye manila nimebandika ukutani, wateja wanasoma wanauliza kabla ya kulipa, wengine wanaamua kuongeza kidogo wachukue tiketi inayobadilishika na wengine wanarudi kwenye basi. Lakini anayejikatia mwenyewe kwa simu akiwa Isyesye au Kyela hiyo manila haioni, kwa hiyo ni shirika ndilo linatakiwa kumwambia.

Wakala wa tiketi,
Mwanjelwa, Mbeya