Acha kusugua, rafiki yangu

Rafiki yangu wa dhati,

Salamu nyingi sana. Barua yako niliipata juzi na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi nisije nikasahau hata moja kati ya uliyoniuliza. Unasema shuka jipya jekundu liliachwa limelowa kwenye sakafu ya bafu, ile ya marumaru nyeupe, usiku kucha, likachuja, na asubuhi ukakuta doa la waridi lenye ukubwa wa sinia. Kwamba umelisugua siku tatu mfululizo. Kwamba sasa unataka kujaribu limau na waya wa kusugulia masufuria. Na kwamba kopo la maua nalo limeacha duara ya kahawia.

Nakuomba, weka chini hiyo brashi. Na limau usiliguse kabisa.

Unaikumbuka meza ya jiwe aliyoniachia marehemu mama, ile nyeupe yenye mishipa ya kijivu? Chupa ya wino wa bluu iliwahi kupinduka juu yake, nami nikakimbilia limau na chumvi, maana ndivyo nilivyozoea kung'arishia vyombo. Nilipofuta, wino ulikuwa pale pale, tena umezungukwa na baka lililofifia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nikadhani ni sabuni imeganda. Nikasuuza na kusuuza. Haikuwa sabuni, jiwe lenyewe lilikuwa limeliwa. Wino hatimaye niliutoa, na njia niliyotumia ndiyo nitakayokueleza, lakini lile baka lipo mpaka leo, na kila nikikaa pale mkono wangu unalitafuta. Sitaki wewe uje kuwa na lako.

Marumaru ya kuchimbwa ni kabonati ya kalsiamu, jamaa moja na chaki na ganda la yai. Asidi ikiigusa, iwe ya limau, ya siki au ya dawa ya kusafishia choo, inaiyeyusha huku gesi ya kaboni dayoksaidi ikitoka. Mng'ao wake si rangi iliyopakwa juu. Ni jiwe lililosuguliwa na fundi mpaka likawa laini. Likishaliwa, hakuna cha kufuta, ni kulisugua upya kwa mashine. Kwa hiyo tofautisha mambo mawili: doa lina rangi yake au limekoza kuliko jiwe, ila palipoliwa pamefifia, na ukipitisha kidole unahisi ukwaruzo kidogo.

Kuna jambo hukuniambia, nalo ndilo kubwa. Bafu lako ni jiwe au ni vigae? Neno marumaru tunalitumia kwa vyote viwili, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibikiwa: mtu anamwambia muuza dawa "nina marumaru", anapewa dawa ya vigae, na dawa nyingi za vigae zina asidi ndani yake. Tazama mchoro wa sakafu. Ukiona mishipa ile ile inajirudia kutoka kipande kimoja hadi kingine, hivyo ni vigae vilivyotoka kiwandani; jiwe halijirudii. Kama kuna kipande kilichomeguka, angalia ubavuni: kigae mara nyingi kina ngozi nyembamba inayong'aa juu ya mwili wa rangi nyingine, ilhali jiwe lina sura moja mpaka chini. Halafu dondosha matone machache ya maji safi pembeni, subiri dakika kumi, uyafute. Pakibaki peusi, ujue sakafu inanyonya.

Ikiwa ni vigae vya kung'aa, umepona. Rangi imekaa juu. Kitambaa kilicholoweshwa haidrojeni peroksaidi (dawa ya maji inayovunja rangi), kikilazwa juu ya doa kwa nusu saa, kitamaliza kazi bila jasho. Patakapokusumbua ni kwenye mianya kati ya kigae na kigae, kwa sababu mle mna saruji na saruji inanyonya kama jiwe. Huko utatumia dawa ya kubandika nitakayokueleza hapa chini, ukiipanga kama kamba nyembamba juu ya mwanya.

Ila moyo wangu unaniambia ni jiwe, kwa jinsi ulivyosema doa "limezama".

Limezama kweli. Jiwe lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji yaliyochuruzika kutoka kwenye shuka yaliingia humo yakiwa yamebeba rangi. Brashi haifiki huko. Ungesugua hata mwaka mzima, ungekwangua mng'ao wa juu huku rangi imelala chini. Kilichoingia kwa kunyonywa kinatoka kwa kunyonywa. Ndiyo maana wanaotunza mawe hutumia dawa ya kubandika, mimi naiita bandiko: unga unaonyonya, uliokandwa na dawa inayovunja rangi. Mwaka 1966 mto Arno ulipofurika mjini Florence, Italia, mafuta ya kupashia joto majumbani yaliingia ndani ya sanamu za marumaru, na mafundi waliyavuta kwa mabandiko ya namna hii. Nikikumbuka hilo, sakafu ya bafu hainitishi tena.

Tafuta unga mweupe mtupu usio na rangi wala manukato: kaolini (udongo mweupe laini), poda ya talki, au bikaboneti ya soda. Dawa ni haidrojeni peroksaidi. Ile inayouzwa kwa ajili ya vidonda huwa ya asilimia 3, inafanya kazi polepole. Wanaoshughulika na mawe hutumia mpaka ya asilimia 12, na hiyo inaunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu na ufungue dirisha. Peroksaidi inavunja ile sehemu ya molekuli ya rangi inayoipa rangi yake, kisha yenyewe inabaki kuwa maji na oksijeni. Kwa jiwe jeupe kama lako ni sawa. Lingekuwa jeusi ningekuzuia, kwani linaweza kupauka.

Kwanza jaribu mahali pa siri, nyuma ya mlango. Tafadhali usiiruke hatua hii. Pakiwa salama, lowesha doa kwa maji safi, kisha kanda unga na peroksaidi mpaka upate kitu kizito kinachosimama bila kumwagika. Kipake kwa unene wa karibu sentimita 1, na uvuke ukingo wa doa kwa sentimita 2 kila upande. Funika kwa plastiki, bandika kingo zake kwa utepe wa karatasi wenye gundi, toboa vitundu vichache kwa sindano, uache saa 24. Kesho yake ondoa plastiki, lakini bandiko liache pale pale.

Hapa wengi hukosea. Wanaona siku imepita, wanafuta bandiko likiwa bado bichi. Katika saa zile za kwanza dawa ilikuwa inaingia tu. Kuvuta kunafanyika wakati bandiko linakauka: maji yanapanda kutoka kwenye jiwe kwenda kwenye unga, na rangi inayafuata. Likauke lenyewe mpaka lipasukepasuke, hata kama itachukua siku nyingine nzima. Ndipo ulikwangue kwa kipande cha mbao au plastiki, usuuze, ufute. Usihukumu siku hiyo, maana jiwe lililolowa huonekana jeusi na utadhani kazi imeshindikana. Subiri likauke kabisa, ulitazame mchana. Likiwa limefifia ila halijaisha, rudia. Wino wangu wa bluu uliondoka kwa bandiko la nne. La kwanza nililia kwa jinsi lilivyobadilisha kidogo.

Ile duara ya kahawia iliyoachwa na kopo la maua ni ugonjwa mwingine. Ni kutu, yaani chuma, na peroksaidi haitaiondoa. Wala dawa ya klorini, hiyo ndiyo huizidishia. Kutu inataka dawa yake maalumu, na soma maandishi ya chupa mpaka uone inaruhusiwa kwenye marumaru. Zipo za aina moja zinazogeuka zambarau zikigusa chuma, basi usishtuke, ndivyo zinavyofanya kazi. Ukiona imetajwa asidi ya haidrofloriki, irudishe. Hiyo hula hata jiwe gumu la matale, na kwa mwili wa binadamu ni hatari kubwa.

Na nikusihi jambo moja, kwa sababu nakujua, ukichoka unachanganya kila kilicho kabatini. Dawa ya klorini ikikutana na amonia, au ikikutana na siki na asidi nyingine yoyote, hutoa gesi inayoumiza mapafu, tena bafuni hamna pa kukimbilia. Dawa moja kwa wakati mmoja, usuuze vizuri, ndipo ushike nyingine. Na bandiko lenye peroksaidi likibaki, usilifungie kwenye chupa iliyobanwa kifuniko, litajaa gesi na kupasuka. Kanda la kutosha siku hiyo tu.

Doa likishatoka, acha sakafu ikauke siku kadhaa kisha uipake dawa ya kuziba vitundu vya jiwe. Haizuii kila kitu, wala haizuii limau, lakini inakupa muda wa kufuta kabla rangi haijazama. Rudia ile njia ya tone la maji mara kwa mara. Likianza kunyonywa tena, ni wakati wa kupaka upya.

Nitumie picha mbili, moja ya sasa hivi na moja baada ya bandiko la kwanza kukauka, zote ukipiga saa ile ile mbele ya dirisha lile lile, nilinganishe. Na kopo la maua liweke juu ya kisahani kuanzia leo, hata kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Wasalimie wote nyumbani, na yule aliyeliacha lile shuka jekundu sakafuni mwambie sina kinyongo naye.

Wako akupendaye daima.