Ile dum dum ya pikapu ya mzee nimeshaipata

Kaka mambo vipi, nyumbani hawajambo? Samahani nimekaa kimya, nilikuwa Mafinga kwa mzee na kule mtandao unakuja ukijisikia. Habari kubwa ni kwamba ile dum dum ya pikapu nimeshaipata, na si propela (ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma), si difu (ile giaboksi ya katikati ya matairi ya nyuma), wala hayo mengine yote aliyokuwa ameshaandikiwa kwenye karatasi.

Unaikumbuka lakini, si ulipanda siku ile ya msiba wa bibi. Chini ya spidi 30 husikii kitu, ukifika 40 inaanza, dum, dum, dum, inatokea chini kabisa ya kiti, ukikanyaga mafuta inafuatana harakaharaka mpaka kwenye 80 inakuwa mtetemo tu, watu wanadhani imeisha. Mzee alishaanza kusema gari ya miaka ya 90 hiyo, acheni igonge. Fundi wa kwanza akasema senta bering ya propela, ikabadilishwa, sauti ipo palepale. Wa pili akasema difu, yaani difu nzima, kwa bei ya kuuza ng'ombe. Na hakuna hata mmoja aliyeiendesha zaidi ya kuitoa getini!

Mi nikamwambia mzee hatununui spea nyingine mpaka tujue hiyo sauti inamfuata nani, maana gari ya zamani kila kitu kimelegea kidogo, ukiingia chini na tochi unakuta bushi zimechoka, shokapu zinavuja, na kila utakachokishika utakiona kina kesi. Tukatoka asubuhi kabla malori hayajawa mengi, nikafika 50 nikatia nyutro nikaiacha iserereke. Injini imerudi silensa, yaani inanguruma taratibu bila mafuta kukanyagwa, lakini dum dum iko vilevile, inapungua tu kadiri gari inavyopungua mwendo. Basi injini na mauntingi zake (raba zinazoishikilia) tukazitoa kwenye kesi. Nikagusa breki, haibadiliki. Nikapita kwenye rasta, yale matuta madogomadogo ya barabarani, haiongezeki. Usukani umetulia, kinachotikisika ni kiti, kwa hiyo tuko nyuma.

Sasa nyuma kuna propela na kuna matairi, na hapa ndo watu wanapochanganya. Tairi likizunguka mara 1 propela imeshazunguka kama mara 4, difu ndo inapunguza. Kwa hiyo ukijua ni dum ngapi kwa mzunguko mmoja wa tairi umemjua mwenyewe. Nikaomba chaki kwa mtoto wa jirani, nikachora mstari mnene ubavuni kwenye matairi yote mawili ya nyuma, dogo wa nyumbani akaendesha mwendo wa mtu kutembea mi niko pembeni nimeinama kama natafuta sarafu. Kulia hamna kitu. Nikahamia kushoto, kila mstari ukifika usawa wa bampa gari inajinyanyua kidogo, ka-dum kadogo, mzunguko mmoja dum moja. Nikamwambia dogo simama hapohapo.

Tukaweka mawe kwenye tairi za mbele, tukapiga jeki, nikachukua kijiti nikakilaza juu ya tofali kikae karibu na tairi bila kuligusa, halafu nikalizungusha kwa mkono. Linapita safi, linapita safi, afu sehemu ya upana wa kiganja inakwaruza kijiti. Ukipapasa unakutana na kauvimbe kapana, na kashata za pale (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) zimepinda kidogo. Na tairi lenyewe kaka kwa macho ni zuri kabisa, kashata ndefu, ndo maana hakuna fundi aliyelitilia shaka. Nikafuta vumbi nikatafuta zile namba 4 za mwisho kwenye mstari wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi, nikakuta 3511, yaani limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2011. Gari ya mzee inaenda shamba na kanisani basi, kashata zitaishaje? Ila mpira unakauka hata gari ikiwa imepaki, mwisho waya za ndani zinaachana na mpira na pale panavimba.

Mzee akabisha, eti limekaa muda mrefu bila kutembea ndo maana limekuwa bapa upande mmoja. Hiyo ipo kweli, lakini bapa la kusimama ukitembea kidogo tairi likipata moto linarudi lenyewe, hili likipata moto ndo linazidi. Tukafunga la spea, tukatoka nalo barabarani, kimya. Mzee akashusha kioo asikilize, akapandisha, akashusha tena, hakusema kitu. Na huyu mtu alikuwa anajiandaa kushuka mlima Kitonga na mbao nyuma! Saa hizi hataki hata litupwe, anasema litafaa kushonea viatu vya katambuga, nimemwambia lile lina waya hata mshona katambuga hatalitaka, limeishia bandani na makorokoro mengine.

Haya tuje kwenye gari yako. Umesema inagonga ukikata kona, hiyo ni nyingine kabisa na usikubali kuuziwa shokapu bado. Gari yako inavutwa na matairi ya mbele, kwa hiyo tafuta kiwanja kitupu, kata usukani mpaka mwisho uzunguke polepole, kulia kisha kushoto. Ikilia ta ta ta ta upande mmoja tu, chungulia nyuma ya tairi ile raba ya draivu shafti (chuma kinachozungusha tairi), ikiwa imechanika na grisi imerukia ndani ya rimu basi joint ya draivu shafti imeshakula mchanga. Raba ikiwa nzima usinunue chochote, nitumie video kwanza, ila uzime redio, ile ya juzi nimesikia singeli tu.

Msalimie shemeji.