Badala ya duranta, pandeni mforosadi uani

Ndugu Mhariri,

Masika yanakaribia, na vitalu vya miche vya kando ya barabara vimeanza kupata wateja wanaotafuta mti wa kupendezesha ua, wenye maua na vitunda vya rangi. Wengi huondoka na duranta. Naomba nafasi nieleze kwa nini haifai nyumba yenye watoto, na namna ya kuotesha mforosadi, ambao wauza miche wengi huuita malberi, hadi uzae.

Duranta hununuliwa kwa sababu ya vishada vyake vya rangi ya machungwa, ilhali wengi wanaoipanda hawavioni kamwe. Maua yake hutoka kwenye ncha za matawi machanga. Anayepitisha mkasi kila mwezi ili ua ukae sawa huyakata kabla hayajachanua. Anayeiacha izae anaingia kwenye balaa jingine: vitunda vile vina sumu, na mtoto wa miaka miwili huweka mdomoni chochote chenye rangi. Kama unayo tayari na huna moyo wa kuing'oa, basi endelea kuikata.

Mforosadi unastahimili joto la pwani na ubaridi wa Lushoto. Anayelalamika kwamba wake hauzai, mara nyingi tatizo lilianza kwenye pingili, yaani kipande cha tawi, aliyopanda. Iko miforosadi dume: hutoa vishada vya maua vinavyomwaga chavua, vikapukutika, ikawa basi. Tena kuna aina zilizochaguliwa kwa wingi wa majani ya kulishia viwavi wa hariri, kazi inayofanyiwa utafiti na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Thika, Kenya. Hizo si za kutegemea kwa matunda. Kata pingili kwenye mti ambao umeyaona matunda yake kwa macho, au muulize muuza miche mti mama uko wapi.

Chagua tawi lililokomaa, la rangi ya kahawia, unene wa penseli au zaidi kidogo. Kata urefu wa sentimita 20 hadi 25 wenye macho matatu au manne. Chini kata mshazari karibu na jicho, juu kata bapa bila mshazari, ili usije ukalipanda kichwa chini. Changanya udongo wa juu ndoo tatu, samadi iliyooza ndoo mbili na mchanga ndoo moja, jaza viriba, chomeka theluthi mbili ya pingili na uweke kivulini. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Majani huchomoza ndani ya wiki mbili hivi, kwa chakula kilichomo kwenye pingili yenyewe, wakati mizizi bado. Ukiivuta kuangalia, umeiua. Ukiitoa juani kwa furaha, itanyauka. Isubiri miezi mitatu au minne, kisha iongezee jua kidogo kidogo kabla ya kuihamisha.

Shimo liwe sentimita 60 kwa upana na kina. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza kabisa, huo ndio utangulie kurudi shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi na huita mchwa. Mti upate jua saa sita au zaidi kwa siku, na usiupande pale nyanya zilipopata mizizi yenye vinundu, kwa maana minyoo fundo bado wamo ardhini. Ukae angalau mita nne kutoka ukutani, kwenye bomba la maji na shimo la choo, kwani mizizi yake huenda mbali kufuata unyevu. Usiwe jirani na kamba ya kuanikia nguo wala maegesho ya gari. Doa la forosadi halitoki kirahisi. Miezi ya mwanzo, mvua isiponyesha, mwagilia ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Kwenye mchanga wa pwani ongeza mara ya tatu.

Mti ukifika mita moja kata kilele, acha matawi matatu au manne yaliyoelekea pande tofauti. Baada ya hapo kazi kubwa ni mkasi, na ndiyo inayowatisha watu. Mforosadi huzaa kwenye vichipukizi vipya. Usipopogolewa unapanda juu, ndege wanakula vya kileleni na wewe unaokota vilivyopondeka. Kwa hiyo kila baada ya mavuno fupisha matawi yaliyozaa kwa theluthi hadi nusu, pukuchua majani yaliyobaki kwa mkono, weka nusu debe ya samadi kulizunguka shina bila kuligusa, halafu mwagilia maji ya kutosha. Macho yatafumuka yakiwa na vitunda vichanga kwenye makwapa ya majani, na ndani ya miezi miwili hadi mitatu unachuma. Mwenye maji ya uhakika anaweza kurudia zaidi ya mara moja kwa mwaka. Asiye na maji asubiri mvua, maana mti uliopogolewa wakati wa kiangazi hupukutisha vitunda vikiwa vibichi. Tawi lenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 5 liache. Jeraha lake huvuja utomvu, huchelewa kupona na huingiza uozo.

Majani yakiwa mengi, makubwa na ya kijani iliyokolea huku matunda hayaonekani, kabla ya kuulaumu mti angalia mkono wa anayeweka urea. Samadi inatosha.

Adui anayesumbua zaidi ni vidung'ata, wale weupe kama pamba wanaojibana kwenye ncha na kuzikunja. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, vidung'ata wako juu, kwa sababu sisimizi hulamba utamu wao na huwalinda. Kata ncha zilizoathirika na uzichome. Palipobaki, nyunyiza maji yenye sabuni, mililita 5 za sabuni ya maji kwa kila lita, jioni, chini ya majani, urudie baada ya siku saba. Usipige sumu ya dukani kwenye mti wenye matunda: forosadi haina ganda la kumenya, dawa inakaa kwenye kile unachokula. Unga mweupe chini ya majani ni ubwiri unga, na mara nyingi huja pale matawi yalipobanana. Punguza matawi ya katikati ili hewa ipite.

Kuzumburu na shorewanda watakuja, hilo halina mjadala. Funika matawi ya chini kwa wavu wenye matundu madogo, uliovutwa ukakaza ili ndege wasinaswe, na ya juu waachie. Chuma tunda likiwa jeusi na linaachia kwa kuguswa. Jekundu haliendelei kuiva vizuri likishachumwa, na bichi huvuruga tumbo. Kwenye jokofu hukaa siku mbili au tatu tu, ndiyo maana sokoni hayaonekani.

Kwa wenzangu wauza miche nina ombi. Kwenye kila kiriba cha mforosadi andikeni kama mti mama unazaa, na anayenunua duranta mwambieni ina sumu kabla hajatoa pesa.

Mtunza kitalu,
Morogoro