Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Tabora kuhusu bendi ya vijana isiyo na mahali pa mazoezi

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa mkazi wa Isevya na mpenzi wa muziki tangu enzi za santuri, kuhusu vijana wawili wa mji wetu wanaochana mashairi, yaani kurap, huku wakisindikizwa na bendi inayopiga vyombo moja kwa moja. Naomba wapewe nafasi katika ukumbi mmoja wa umma kwa saa za mchana ambazo hautumiki, na maombi yao ya mkopo wa vijana yapimwe kwa vigezo vilevile vinavyotumika kwa vikundi vingine vya uzalishaji.

Huenda ukajiuliza wachanaji wanahitaji bendi ya nini, ilhali wenzao wengi hupanda jukwaani na biti iliyohifadhiwa kwenye simu. Nimewasikia kwa namna zote mbili. Biti iliyorekodiwa haimsubiri mtu, lakini bendi humsikiliza mchanaji na kumfuata. Wanapofika kwenye ubeti wa mkulima aliyechukua pembejeo kwa mkopo kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, akapeleka tumbaku sokoni, ikapangiwa daraja la chini, naye akarudi nyumbani akiwa bado anadaiwa, mpiga ngoma hushusha mkono, gitaa la besi likabaki peke yake, na kila neno likasikika hadi nyuma ya umati. Ubeti unaofuata unahusu miti ya miombo inayokatwa kwa ajili ya kuni za mabani ya kukaushia tumbaku hiyohiyo, na warina asali wanaolazimika kwenda mbali zaidi kutundika mizinga yao. Nimeshuhudia wazee wasiopenda kabisa muziki wa kufokafoka wakitaka ubeti huo urudiwe.

Kwetu Unyamwezi hili si jambo geni. Manju wa ngoma amekuwa akisifu na kukemea mbele ya watu tangu zamani, akisubiriwa na wapigaji wake amalize neno. Mji huu pia ndio uliotoa bendi za Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, ambako Shem Karenga aliyetokea Kigoma alijipatia jina. Marekani nako, kundi la The Roots lilianzishwa Philadelphia mwaka 1987 na vijana wawili waliosoma shule moja, Tariq Trotter akichana na Ahmir Thompson akipiga ngoma, na walianza kwa kupiga barabarani. Tangu mwaka 2009 bendi hiyo inapiga katika kipindi cha televisheni cha Jimmy Fallon, na wapiga vyombo wake wanaishi kwa kazi hiyo. Ajira za namna hiyo ndizo ninazozitaka kwa vijana wetu, kwa sababu mchanaji anayetumia simu hulisha mtu mmoja, na mwenye bendi hulisha pia mpiga solo, mpiga besi, mpiga kinanda na mpiga ngoma.

Kinachowakwamisha ni mahali na vyombo. Mwenye ukumbi mmoja binafsi aliwafungia mlango kwa hoja kwamba muziki wao huvuta wahuni, jambo lililoniuma sana, maana sijasikia neno moja la matusi katika mashairi yao. Tangu hapo wanafanyia mazoezi uani kwa jirani, na mvua ikinyesha hufunika spika na kutawanyika.

Kuhusu vyombo, sheria imezitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya vijana. Maofisa wanaielewa haraka hesabu ya bodaboda au ya kuku, lakini hesabu ya gitaa huwatia shaka. Gitaa na spika ni vitendea kazi kama cherehani ya fundi: vinaingiza fedha harusini, kwenye mahafali na kwenye mikutano. Wala taasisi kugharimia bendi si jambo jipya nchini, kwani NUTA Jazz ilikuwa bendi ya jumuiya ya wafanyakazi, na wanamuziki wake walilipwa mshahara. Hawa hawaombi mshahara. Wanaomba mkopo watakaourejesha, na wako tayari kuleta daftari la mapato yao likaguliwe.

Naomba pia Afisa Utamaduni ahudhurie mazoezi yao mara moja kabla ya uamuzi wowote, asikilize mashairi yote na kuwauliza maswali. Ningefurahi zaidi kama hilo lingefanyika kabla ya masoko ya tumbaku kufunguliwa, kwa sababu wakati huo ndipo wakulima wanaokusudiwa na nyimbo hizi hukusanyika, na bendi inahitaji wiki kadhaa za mazoezi ya pamoja ili iwe tayari kuwafuata huko vijijini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Isevya, Tabora