Kwako mdogo wangu, uliyeifunga Biblia kwenye Walawi 13

Mdogo wangu,

Baba alikuwa hajatimiza mwezi kaburini. Wewe ndiye uliyekuwa unasoma, mimi nafuatisha kwa kidole. Ulipofika kwenye vivimbe, vikoko na vipaku ving'aavyo, ukanyamaza. Ukaifunga Biblia polepole, ukasema: "Nimefiwa na baba, wewe unanisomesha upele."

Nikakujibu, "Neno la Mungu halirukwi."

Jibu hilo linaniuma hadi leo. Lakini na lako sijalisamehe, ulipowaambia shangazi zetu kwamba nahesabu sura kama mtu anayehesabu madeni. Ndiyo, nilihesabu. Vitabu 66, sura 1,189; ukisoma sura nne kwa siku, mwaka hauishi hujamaliza. Ndivyo baba alivyosoma, Mwanzo mpaka Ufunuo, na mimi niliona tukipita alikopita tutakuwa bado naye. Kosa langu liko wapi hapo?

Basi liko hapa. Uliniomba tuanze na Marko, sura 16 tu, nikakuona mlegevu wa imani. Tangu uondoke nimeuchunguza mpangilio wa vitabu, na haufuati wakati vilipoandikwa. Amosi na Hosea walihubiri siku za Yeroboamu wa pili, mfalme wa Israeli, ambaye habari zake ziko 2 Wafalme 14, lakini vitabu vyao vimewekwa mbali huko, baada ya Danieli. Nyaraka za Paulo kwa makanisa zimepangwa takriban kwa urefu: Warumi imetangulia kwa sababu ni ndefu, si kwa sababu iliandikwa kwanza. Wayahudi wanamalizia Maandiko yao kwa Mambo ya Nyakati, na Agano la Kale letu linaishia Malaki. Hukuwa unamkosea Mungu, mdogo wangu. Ilinipasa nikwambie jioni ile ile, mbele ya waliokusikia ukisutwa.

Ila na wewe nisikilize. Walawi si kitabu cha kuruka. Bila sura ya 16, ile ya Siku ya Upatanisho, Waebrania 9 itakupita hivi hivi. Tena uliifunga Biblia mapema mno. Sura ya 13 inamtoa mgonjwa wa ukoma akae peke yake nje ya kambi. Ya 14 inaanza kumrudisha, na anayetoka kambini kumwendea ni kuhani. Nimeisoma mara nyingi mno mistari hiyo peke yangu.

Na huyo Marko wako? Mwishoni mwa sura ya kwanza mwenye ukoma anapiga magoti, Yesu anamgusa, kisha anamtuma kwa kuhani akatoe alivyoamuru Musa. Alivyoamuru Musa ni hiyo Walawi 14.

Kwa hiyo tuanze na Marko 1, turudi Walawi 14, kisha tummalize Marko. Baada yake Luka na Matendo kwa mfululizo, kwa kuwa vyote viwili aliandikiwa mtu mmoja, Theofilo. Mengine utachagua wewe.

Usije. Nitakuja mimi, na Biblia ya baba. Utepe sijausogeza.

Dada yako