Mkono mmoja umebaki, uzi umeisha

Mteja anaingia dukani ameshika kipande cha uzi kisichozidi kidole. Mgongo wa sweta umeisha, mbele imeisha, mkono mmoja umeisha. "Nipeni peloti moja tu ya hii," yaani bonge moja la uzi. Ni buluu, na buluu ipo kwenye rafu, namba ya rangi ni ileile. Lakini tukizipeleka mbili hizo mlangoni penye mwanga, moja inavuta kwenye kijani na nyingine kwenye zambarau. Basi hapo sura ya mteja inabadilika.

Kati ya matatizo yote yanayoletwa kwenye duka letu la uzi hapa Bukavu, hili ndilo linalorudi zaidi, na karibu kila mara lingezuiwa siku ya kwanza ya kununua.

Kiwandani uzi hutiwa rangi kwa mafungu, kila fungu ndani ya pipa lake. Joto la maji likipanda kidogo, au uzi ukikaa kidogo zaidi ndani ya rangi, fungu linalofuata linatoka tofauti. Ni kama birika mbili za chai za nyumba moja: majani yaleyale, maziwa yaleyale, ila ya asubuhi na ya jioni hazifanani. Ndiyo maana etiketi ina namba mbili. Moja ni ya rangi, kwa Kifaransa imeandikwa "coloris". Nyingine ni ya pipa, imeandikwa "bain" au "lot". Wengi husoma ile ya kwanza tu. Peloti zako zote za kazi moja zinatakiwa zifanane namba zote mbili, na usikubali muuzaji yeyote, hata sisi, akuambie "ni sawasawa tu". Chini ya taa ya ndani zitaonekana sawasawa kweli. Jumapili, nje ya kanisa, mstari utaonekana kifuani kama umepigwa rula.

Sasa ununue ngapi?

Kwa akriliki (uzi wa kutengenezwa kiwandani) ya unene wa DK, yaani unene wa kati, ambao ndio unaouzwa sana hapa, kofia ya kichanga hula gramu 25 hadi 30. Sweta ya kichanga pamoja na kofia na soksi zake hula gramu 150 hivi. Mtoto wa miaka 5 anahitaji kati ya 200 na 250, na mtu mzima wa kawaida 400 hadi 500. Ukitaka misuko kifuani, ongeza kama robo, kwa sababu vitanzi vinavyopishana hubana kitambaa na kumeza uzi.

Hayo ni makadirio ya kusemea mlangoni. Na kuna mtego ndani yake: gramu si mita. Peloti ya gramu 100 ya akriliki ya DK huwa na mita 290 hadi 300. Pamba ya unene huohuo ni nzito zaidi, gramu 100 zake hufika mita 200 hivi. Ukiwa na maelezo ya sweta yanayotaka peloti 4 za akriliki, halafu ukapenda pamba, 4 zitakuacha njiani, utahitaji 6. Soma mita kwenye etiketi, zidisha kwa idadi ya peloti, ndipo ulinganishe.

Hesabu ya kweli hutoka kwenye kipande cha kupimia. Tunajua kinachosha. Mtu amenunua uzi mzuri, vidole vinamwasha, halafu aambiwe afume mraba usio na kazi! Lakini mraba huo unajibu maswali mawili kwa mpigo.

Anza vitanzi 44 kwa sindano ya mm 4, fuma jezi (mstari mmoja mbele, mmoja nyuma) mistari 60. Ufue, uukaushe ukiwa umelala, usiuvute. Kisha weka rula katikati, mbali na pembe, uhesabu vitanzi ndani ya sm 10. Etiketi nyingi za DK zinasema 22. Sweta ya kifua cha sm 100 ina vitanzi 220 kuzunguka mwili mzima. Mkono wako ukiwa wa kukaza, ukapata 24 badala ya 22, vile 220 vitakupa sm 92 tu. Ukiwa wa kulegeza, ukapata 20, utatoka na sm 110. Kosa ni la vitanzi viwili, sweta ni ya mtu mwingine. Dawa yake ni kubadilisha sindano, panda mm 4.5 au shuka mm 3.5. Usijilazimishe kubadilisha mkono. Ukichoka kidogo mkono hurudi kwenye tabia yake, na sweta inatoka na kiuno pasipotakiwa kiuno.

Jibu la pili ni la uzito. Pima mraba kwenye mizani ndogo ya gramu. Mizani ya sokoni ya kupimia maharage haifai hapa, inaruka gramu hamsini bila kusema. Lete dukani, kupima ni bure. Tuseme mraba wako ni sm 20 kwa 20, yaani sm za mraba 400, na una gramu 14. Mwili wa sweta wenye mzunguko wa sm 100 na urefu wa sm 65 ni 6,500. Mikono miwili, kila mmoja upana wa wastani wa sm 33 na urefu wa sm 48, ni kama 3,200. Jumla 9,700. Gawanya 14 kwa 400, zidisha kwa 9,700: gramu 340. Ongeza asilimia 15 ya shingo, mbavu za pindo (ule ufumaji wa mistari ya kusimama unaovutika), mishono na mikia ya uzi, unafika 390.

Peloti 4 ni gramu 400. Hesabu inasema zinatosha, na hapohapo ndipo watu wengi wanapoangukia. Gramu 10 ni nafasi ndogo mno: ukirefusha mikono kwa sm 3, karibu zote zimekwisha. Chukua 5. Peloti ambayo haijafunguliwa, yenye etiketi yake, tunaipokea ndani ya siku 30 na kurudisha pesa.

Ukimaliza mgongo, pima tena. Mgongo wa sweta ya kawaida huwa karibu sehemu tatu za kumi za kazi yote. Ukiwa na gramu 120, tarajia 400 mwishoni. Hapo bado una muda wa kuja kabla pipa lako halijauzwa lote.

Sindano nazo zina lao. Mafundi wengi hapa hufuma kwa spoku za baiskeli zilizonolewa ncha, na hatucheki: ni imara, hazikatiki, hazina bei. Ila spoku ina unene wa mm 2 hivi. Ukiingiza uzi wa DK humo unapata kitambaa kigumu kama mkeka, kizito, kinachokula uzi mwingi kuliko ulionunua. Spoku ibaki kwa uzi mwembamba wa soksi. Jambo la pili ni namba. Maelezo ya Kifaransa hutaja milimita, hayana shida. Maelezo ya Kiingereza ya zamani, yale yanayozunguka kwa fotokopi kutoka Nairobi na Kampala, hutumia namba za Uingereza, ambapo 8 ni mm 4. Ya Marekani nayo yana 8 yake, na hiyo ni mm 5. Mama ukiwa na shaka, leta karatasi na sindano zako pamoja. Tuna kibao chenye matundu cha kupimia.

Na kama uzi umeshaisha?

Usikimbilie kufuma mkono wa pili kwa pipa jipya. Mikono huonekana pamoja, jicho linazilinganisha tofauti bila kuombwa. Kama unaweza kuvumilia, fumua mkono wa kwanza. Kisha fuma mikono yote miwili kwa wakati mmoja kwenye sindano moja ndefu, ukipishanisha: mistari 2 ya uzi wa zamani, mistari 2 ya mpya, hadi mwisho. Macho hayashiki tofauti iliyotawanyika namna hiyo. Faida nyingine ni kwamba mikono itatoka na urefu mmoja, jambo ambalo hata mafundi wazoefu hukosa.

Kama kilichobaki ni kidogo, peleka pipa jipya kwenye mbavu: shingo, vikuku vya mikono, pindo la chini. Mbavu zina vivuli vyake zenyewe, kwa hiyo zinaficha. Au acha kuficha kabisa, weka rangi nyingine kwenye shingo na vikuku, buluu na maziwa, kahawia na haradali. Kwa maoni yetu sweta nyingi za namna hii zinapendeza kuliko ile iliyokusudiwa. Kisichofaa ni kubadilisha pipa katikati ya kifua.

Mwisho wa peloti pia, usifunge fundo katikati ya mstari. Kunja uzi uliobaki juu ya upana wa kazi yako: ukifika mara nne, mstari mmoja unatosha. Usipofika, anza peloti mpya pembeni, ukiacha mkia wa sm 15 wa kufichia.

Kuhusu aina ya uzi, tuseme wazi. Sufu halisi ina joto na raha yake mkononi, na anayefuma kwa kujifurahisha tu hatajuta kuijaribu. Lakini nguo za mtoto hapa hufuliwa kwenye beseni, kwa kusuguliwa, mara nyingi kwa maji ya moto. Sufu ya kawaida ikipata joto na kusuguliwa inajikunja na kuwa nene kama blanketi, na hairudi. Akriliki inavumilia hayo yote. Adui yake ni pasi. Pasi ya makaa ikigusa akriliki, kitambaa kinalala, kinang'aa, kinapoteza mnyumbuko, na ikizidi kinayeyuka. Pamba haiogopi pasi, ila wakati wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, inachukua muda mrefu kukauka, na ikining'inizwa ikiwa imeloa inarefuka kwa uzito wake.

Uzi usio na etiketi, kwa mfano uliofumuliwa kutoka sweta ya mitumba, unajulikana kwa kiberiti. Kata sm 10, shika kwa kibano juu ya sahani. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Pamba inawaka kama karatasi. Akriliki inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Usikiguse kikiwa cha moto. Kabla ya kununua mtumba wa kufumua, geuza ndani uangalie mishono. Pindo lililokatwa na kushonwa kwa ovaloki litakupa vipande vifupi vya mstari mmoja mmoja. Tafuta ile iliyounganishwa kwa mnyororo wa vitanzi, pembe zake zikiwa nzima. Ukishafumua, zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne bila kukaza, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, tundika. Mawimbi yanaondoka.

Wapo pia wateja wetu wapendwa wanaonunua kuliko wanavyofuma. Hatuwalaumu, sisi wenyewe rafu zetu ni ushahidi. Kuna furaha ya kufungua sanduku na kuona rangi tu. Basi sanduku hilo lisikae dirishani, jua hupausha upande mmoja wa peloti na hutajua hadi ufume. Lisikae sakafuni pia, unyevu wa hapa hupanda kimya. Nondo hula sufu, akriliki hawaitaki, kwa hiyo sufu ikae peke yake kwenye mfuko uliofungwa vizuri, na kila miezi miwili itolewe, ikung'utwe, ikaguliwe mikunjo. Kugandisha kwenye friza huua mayai ya nondo, lakini kunahitaji siku kadhaa za baridi kali bila kukatizwa, na umeme wetu mnaujua. Naftalini msiitie kabisa kwenye uzi wa vichanga: mvuke wake unaweza kuharibu damu ya mtoto mchanga, hasa mwenye upungufu wa kurithi wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu.

Etiketi moja ya kila fungu ibaki, pamoja na mkia wa uzi wa sm 20, kwenye daftari. Ukihitaji peloti nyingine, tutumie picha kwa WhatsApp: etiketi upande wa namba zote mbili, na mkia umelazwa juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, mchana, bila flashi. Tukiwa na pipa lako tunakuwekea kwa siku 7. Tukiwa hatuna tutakuambia hivyohivyo, na tutapima pamoja nawe kilichobaki kabla hujafumua chochote.