Chenga nyeupe ndani ya tangi la samaki

Mhariri,

Wiki tatu mfululizo nilikuwa nikiamka nakuta chenga nyeupe juu ya mchanga wa tangi langu la samaki, la lita 60, lililo kando ya cherehani. Nilimshuku mjukuu wangu na makombo ya mkate wake. Akaapa si yeye. Muuzaji mmoja wa samaki wa mapambo, bila hata kuja kutazama, akasema ni mayai ya wadudu, akaniuzia dawa. Nikaitia. Konokono wangu wakafa wote, chenga zikabaki pale pale.

Ndipo nikazivuta kwa mpira, nikaziminya kwa kucha. Hazikupasuka kama yai wala hazikuvurugika kama mkate; zilikwaruza kama chaki yangu ya kuchorea kitambaa. Nikazidondoshea siki. Zikatoa povu, tsss, hadi zikaisha. Kumbe chokaa!

Maji ya kisima hapa Kisauni hupita kwenye mawe ya matumbawe, ndiyo maana hata birika la chai lina ukoko mweupe. Nami kila maji yakipungua kwa joto nilikuwa naongeza mengine yale yale. Maji hupaa, chokaa haipai. Iliganda ukingoni mwa kioo, na kila nikifunua kifuniko ikabanduka vipande.

Siku hizi naongezea maji ya mvua. Wafugaji wenzangu, kabla ya kununua dawa jaribuni siki, tena kwenye kisahani, si ndani ya tangi.

Fundi cherehani,
Kisauni, Mombasa